Karatasi Moja ya Kuombea Kazi: Neno kwa Walimu wa Mazoezi wa Kambi Yetu

(Hotuba ya kamati ya michezo na vijana, iliyosomwa katika kumbukumbu ya Siku ya Wakimbizi Duniani, kambi ya Dzaleka, Malawi)



Kila mwaka tarehe 20 Juni tunakutana kukumbuka njia tuliyopita. Kati yetu wamo waliofika hapa mwaka 1994, kambi ilipofunguliwa mahali ambapo zamani palikuwa gereza. Wamo waliofika juzi kutoka Kivu. Wamo vijana waliozaliwa hapa hapa. Kambi iliyotengenezwa kwa watu 10,000 hadi 12,000 leo ina watu zaidi ya 50,000, na kila mmoja ana habari yake. Waliotutangulia kusema wamesema juu ya hayo, na wamesema vizuri. Sisi wa kamati ya michezo na vijana tumepewa kusema juu ya jambo moja tu, dogo kama karatasi: namna ya kuandika wasifu wa kuombea kazi, ule ambao wengi wetu tunauita CV. Wala hatutasema juu ya kazi zote. Tutasema juu ya kazi ya mwalimu wa mazoezi ya viungo, kwa kuwa ndiyo tunayoijua, na kwa kuwa ndiyo iliyotuletea aibu.

Kazi iliyopo mbele ya macho yetu

Anayeamka alfajiri hapa kambini huwaona wanaokimbia barabarani kabla jua halijawa kali. Jioni, nyuma ya nyumba, wako vijana wanaonyanyua vyuma walivyojitengenezea: mikebe miwili iliyojazwa saruji na fimbo ya chuma katikati. Wako wanaofundisha karate na judo, wako wanaofundisha watoto kuruka kamba, na wako mama wanaokutana asubuhi kunyoosha viungo kwa ajili ya mgongo na magoti. Kila kundi lina mtu mmoja anayesimama mbele na kuhesabu. Mtu huyo ni mwalimu wa mazoezi, hata kama hajawahi kujiita hivyo.

Nafasi za kazi hiyo si nyingi, lakini zipo. Mashirika hutafuta watu wa kuongoza michezo ya watoto na vijana. Shule hutafuta wasaidizi wa michezo. Na wale wanaohamishiwa nchi ya tatu hukuta huko majumba ya mazoezi yanayoajiri watu wa kumfundisha mteja mmoja mmoja. Tumeona mara nyingi kwamba watu wetu hawashindwi kazi. Wanashindwa karatasi.

Aibu tuliyoipata

Tunaanza na kosa letu wenyewe, ili mtu asiseme tunawahubiria wengine.

Miaka kadhaa iliyopita jumba moja la mazoezi mjini lilitafuta mwalimu. Kijana mmoja wa hapa akatuletea CV aliyoandikiwa na mtu kwa malipo. Iliandikwa humo kwamba alisimamia jumba la mazoezi Bujumbura kwa miaka 5, na kwamba anajua huduma ya kwanza. Sisi tulimjua kijana huyo kuwa mtu wa adabu, mwenye mbio nzuri. Hatukuuliza swali hata moja. Tukaandika barua ya kumsifu, tukagonga muhuri wa kamati.

Siku ya usaili msimamizi akamwuliza: "Akija kwako mama wa miaka 55 mwenye shinikizo la damu, utaanza naye vipi?" Kijana akajibu kwamba ataanza naye kwa kuruka kamba mara mia mbili. Wakamwuliza lile jumba la Bujumbura lilikuwa mtaa gani. Akanyamaza. Wakamwambia aende nyumbani.

Mambo yangeishia hapo, tungesema ni bahati mbaya ya mtu mmoja. Lakini miezi miwili baadaye, nafasi ikiwa bado wazi, akaenda dada mmoja ambaye kweli alisomea elimu ya michezo huko Kongo na kufundisha katika shule ya sekondari miaka 6. Naye alikuwa na barua yetu, yenye muhuri uleule. Msimamizi alipouona muhuri akamrudishia karatasi zake bila kuzisoma. Dada yule alirudi hakutupigia kelele. Aliweka barua juu ya meza yetu akasema, "Wazee, muhuri wenu umenifungia mlango."

Ndugu zetu, mtu wa mjini akidanganya katika karatasi yake, anajiharibia mwenyewe. Mkimbizi akidanganya, mwajiri hasemi fulani amedanganya. Husema, "Watu wa kambini ndivyo walivyo." CV ya mmoja wetu haiwi ya mmoja tu. Na katika kazi hii ya mazoezi kuna jambo zito zaidi: mwongo akipata kazi, anakabidhiwa moyo na mgongo wa mtu mwingine. Yule mama wa miaka 55 angekuwa mgonjwa wa kweli, na zile kamba mia mbili zingekuwa za kweli.

Tangu siku hiyo hatugongi muhuri juu ya jambo ambalo hatujaliuliza. Na mengi ya mtakayosikia sasa tulifundishwa na dada yule yule, ambaye tulimwomba radhi, akakubali kukaa nasi na kutuonyesha.

Maswali matatu ya mwajiri

Anayeajiri mwalimu wa mazoezi huisoma karatasi haraka, kwa sababu anazo nyingi. Ndani ya moyo wake ana maswali matatu tu.

La kwanza: Je, mtu huyu ataumiza watu wangu? La pili: Je, watu wakifundishwa naye leo, watarudi kesho? La tatu: Je, ndiye kweli anayesema ndiye?

Kila mstari wa CV yako ujibu moja ya maswali hayo. Mstari usiojibu lolote, ufute. Ukurasa mmoja unatosha kwa wengi wetu. Mwenye kazi nyingi za kweli anaweza kufika kurasa mbili, lakini asivuke hapo.

Mwanzo wa karatasi

Juu kabisa andika jina lako kama lilivyo katika hati yako ya ukimbizi, herufi kwa herufi. Wengi wetu tuna majina yaliyoandikwa kwa namna tatu: moja ya Kongo au Burundi, moja ya kituo cha mapokezi, na moja ya shule. Chagua lile la hati, kwa sababu ndilo litakaloulizwa.

Andika namba ya simu inayopokelewa. Kama ni ya jirani, mwambie jirani kwamba umeitoa, na umweleze aseme nini ukipigiwa. Tunajua mtu aliyekosa usaili kwa sababu mtoto alipokea simu akasema "hayupo", akakata.

Wale waliosoma Kongo na Burundi wamezoea CV inayoanza na jina la baba, jina la mama, mahali pa kuzaliwa, hali ya ndoa na idadi ya watoto, kisha inamalizika kwa kuapa kwamba yote ni kweli. Hayo yalikuwa ya ofisi za kwetu. Mwajiri wa mazoezi hana haja nayo. Kabila usiliandike kabisa, wala kijiji ulichotoka. Namba ya kadi ya chakula au ya faili la familia yako usiiandike pia. Karatasi ya kuomba kazi hupita mikono mingi, na habari hizo ni za ofisi zinazokulinda, si za kila msomaji.

Chini ya jina andika mistari miwili au mitatu ya kusema wewe ni nani katika kazi hii. Hapo ndipo wengi wanapojaza sifa: hodari, mchapakazi, mwenye uzoefu mkubwa, mwenye kujituma. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Tazameni tofauti.

Mmoja aliandika: "Mimi ni mwalimu hodari wa mazoezi mwenye uzoefu mkubwa na anayependa watu."

Dada yetu alimwuliza maswali kwa nusu saa, kisha wakaandika upya: "Mwalimu wa mazoezi ya viungo. Tangu Machi 2021 naongoza kundi la wanawake 18, siku 3 kwa wiki. Wengi wana zaidi ya miaka 45. Nafundisha kwa Kiswahili, Kifaransa na Kichewa."

Mtu ni yuleyule. Katika ya kwanza hatumwoni. Katika ya pili tunamwona amesimama mbele ya watu.

Kazi ulizofanya, na miaka ya kambi

Hapa ndipo penye uchungu, na hapa tutakaa kidogo.

Wengi wetu tukifika sehemu ya kazi tunaandika yale ya kwetu, mpaka mwaka wa vita. Kisha tunaruka. Mtu anaandika "2009 hadi 2012, mwalimu wa michezo, Uvira", halafu hakuna kitu tena hadi leo. Ukimwuliza miaka hiyo mingine anasema, "Nilikuwa mkimbizi tu." Ndugu, ukimbizi ni hali ya sheria. Katika hali hiyo ulikuwa ukifanya nini kila siku saa kumi jioni? Kama ulikuwa uwanjani na watoto arobaini, basi ulikuwa kazini, hata kama hukulipwa.

Andika kazi ya kujitolea kama kazi nyingine yoyote: ulifanya nini, wapi, tangu lini hadi lini, na watu wangapi. Usione haya kuandika kwamba ni ya kujitolea, wala usiifiche kwa jina kubwa. Usijiite mkurugenzi wa michezo wakati ulikuwa unatunza mpira na kupanga zamu za uwanja. Andika hivyo hivyo: "Nilitunza vifaa na kupanga zamu za timu 12." Mwajiri mwenye akili anajua kwamba anayeweza kupanga timu 12 katika uwanja mmoja bila ugomvi anaweza kupanga wateja wake.

Anza na kazi ya sasa, urudi nyuma. Na kila kazi iwe na hesabu. Hesabu ndiyo inayojibu lile swali la pili, la watu kurudi. Sema walikuwa wangapi ulipoanza na wangapi baada ya miezi 6. Sema kundi limedumu muda gani. Kama walipungua, usidanganye, sema waliobaki. Kwa sababu hiyo tunawasihi walimu wote wa mazoezi wa kambi hii: nunueni daftari la kurasa 96, muandike kila siku waliokuja, mlichofanya, na aliyeumia kama yupo. Usiandike ugonjwa wa mtu pamoja na jina lake mahali ambapo kila mtu atasoma. Daftari la mwaka mmoja lina nguvu kuliko sifa zote, na ni cheti ambacho hakuna anayeweza kukunyima.

Elimu na vyeti vilivyopotea

Mwajiri wa Malawi hajui "D6" wala "G3". Andika kwa maneno: "Nilimaliza shule ya sekondari, Kongo, mwaka 2006", ili ajue kwamba umefika ngazi ambayo Mmalawi hufikia kwa cheti cha MSCE. Aliyesoma miaka 3 ya graduat aandike "miaka 3 ya chuo", ataje na somo. Aliyeacha njiani aandike miaka aliyosoma, asiandike kwamba alimaliza.

Je, vyeti vilivyoungua au kuachwa njiani? Andika ukweli huo kwa ufupi: "Cheti kilipotea wakati wa kukimbia; mwalimu mwenzangu wa shule hiyo anaweza kuulizwa." Usinunue cheti cha kutengeneza. Cheti cha uongo hukamatwa, na siku kinapokamatwa hata ile elimu yako ya kweli haiaminiki tena.

Kisha liko jambo ambalo halihitaji cheti cha zamani, nalo ni kujifunza upya hapa. Kwa mwalimu wa mazoezi, mafunzo ya huduma ya kwanza yana uzito kuliko karibu kila kitu kingine, maana yanajibu swali la kwanza, la kuumiza watu. Yakitokea, jiandikishe. Lakini anayeandika "najua huduma ya kwanza" awe anajua kweli. Ajue kwamba mtu mzima akianguka na moyo kusimama, kifua hubonyezwa mara 100 hadi 120 kwa dakika, kwa kina cha sentimita 5 hadi 6, huku mwingine akiita msaada. Aandike na mwaka alipofundishwa, kwa sababu mahali pengi cheti cha namna hiyo huhesabiwa kuwa hai kwa miaka 2 tu.

Pia ajue misingi ya kazi. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilishauri mtu mzima apate kwa wiki dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani, na mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku 2. Mwalimu anayejua hayo, anayeanza kwa kupasha viungo moto, anayemwuliza mgeni habari za shinikizo la damu, kisukari, pumu na maumivu ya kifua kabla ya kuanza, na anayemwambia mwenye shaka apite kwanza kituo cha afya, huyo anastahili kuandika mstari huu: "Huwauliza wapya hali ya afya zao kabla ya zoezi la kwanza." Mstari huo mmoja ungemwokoa kijana wetu siku ile, kama ungekuwa wa kweli.

Wadhamini na jaribio la vitendo

Mwisho wa karatasi weka watu wawili wa kuulizwa habari zako. Waombe ruhusa kwanza. Mmoja awe aliyekusimamia: mkuu wa shule, mfanyakazi wa shirika, kiongozi wa klabu. Mwingine anaweza kuwa mtu uliyemfundisha. Usiweke shemeji wala jirani wa nyumba. Na msije kwetu kamati kutaka sifa za jumla. Njooni na daftari, tuje tuwaone mkifundisha, ndipo tutaandika tulichokiona.

Katika barua fupi inayokwenda na CV, omba jambo moja: "Naomba nipimwe kwa vitendo, nifundishe kipindi kimoja mbele yenu." Sisi tusio na karatasi nyingi tuna faida hapo. Mnawakumbuka Popole Misenga na Yolande Mabika, wanajudo wa Bukavu, walioomba hifadhi Brazil mwaka 2013 walipokwenda kwenye mashindano ya dunia huko Rio. Walifundishwa na kocha Geraldo Bernardes, na mwaka 2016 wakawa miongoni mwa wanamichezo 10 wa timu ya kwanza ya wakimbizi katika Olimpiki. Judo haidanganyiki mkekani. Vivyo hivyo mwalimu wa mazoezi akisimama mbele ya watu sita kwa nusu saa, anayejua ataonekana na asiyejua ataonekana.

Kwa wanaokwenda mbali, na kwa wanaobaki

Watakaofika Marekani wajue kwamba huko CV haiwekwi picha, umri, dini wala hali ya ndoa. Wajue pia kwamba majumba mengi ya mazoezi huko hutaka cheti cha chama kinachotambulika, kama ACE au NASM, pamoja na cheti cha kuokoa mtu aliyesimama moyo. Kwa hiyo mtu asikate tamaa akikataliwa mwezi wa kwanza. Aombe kazi ya mapokezi au ya usafi katika jumba hilo hilo, ajifunze lugha, asomee cheti. Daftari la hapa alichukue, litamsaidia.

Kwa wanaobaki hapa tuseme ukweli. Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi mwaka 1987 iliweka masharti yake juu ya kazi ya mshahara na juu ya kuishi popote, na agizo la mwaka 2023 la kuwarudisha wakimbizi kambini mnalikumbuka. CV nzuri si kibali. Kabla ya kukubali kazi nje ya kambi, pita ofisi ya serikali inayohusika na wakimbizi, uulize. Na mtu akikuambia utoe fedha ili upate kazi ya shirika, mkatae na utoe taarifa. Umoja wa Mataifa hautozi mwombaji kazi hata senti moja.

Mfano

Tunaweka hapa mfano mmoja. Msiunakili. Uwekeni mbele yenu muandike wa kwenu.

Jina: (kama katika hati). Simu: (inayopokelewa). Mahali: kambi ya Dzaleka, wilaya ya Dowa.

Mimi ni nani: Mwalimu wa mazoezi ya viungo kwa vijana na watu wazima. Nimefundisha shuleni miaka 3, na tangu 2021 nafundisha kwa kujitolea.

Kazi: 2021 hadi sasa, kundi la mazoezi ya asubuhi, Dzaleka (kujitolea). Siku 3 kwa wiki. Tulianza watu 7, sasa 18. Huwauliza wapya hali ya afya zao. Daftari la mahudhurio lipo. 2013 hadi 2016, mwalimu wa michezo, shule ya sekondari, Bukavu. Madarasa 5 kwa wiki.

Elimu: Sekondari, nilimaliza 2010. Cheti kilipotea wakati wa kukimbia.

Usalama: Mafunzo ya huduma ya kwanza, siku 3, mwaka 2024.

Lugha: Kiswahili na Kifaransa vizuri, Kichewa cha mazungumzo, Kiingereza naendelea kujifunza.

Wadhamini: watu wawili, kazi zao, simu zao.

Hiyo ndiyo yote. Iandike kwanza kwa lugha unayoijua, kisha umpe anayejua Kiingereza akusaidie kuigeuza, lakini ubaki unajua kila neno lina maana gani. Siku ya usaili utaulizwa wewe, si yeye.

Ombi kwa ndugu zetu wa mashirika

Ndugu wafanyakazi wa mashirika, nanyi tuna maombi mawili kwenu, na tunayatoa kwa heshima.

Kwanza, mradi unapokwisha msituachie fulana na picha tu. Mpeni kila aliyejitolea barua yenye tarehe ya kuanza na kumaliza, kazi aliyofanya na saa alizofanya, na jina la wa kuulizwa. Ninyi huhamishwa baada ya mwaka mmoja au miwili, na mkiondoka huondoka na ushahidi wetu. Mtu amefanya kazi na mradi mitatu mfululizo na hana hata mstari mmoja wa kuonyesha.

Pili, mnapotangaza nafasi ya mwongozaji michezo, msidai vyeti ambavyo mnajua viliungua. Wekeni jaribio la vitendo. Mkilazimisha karatasi kwa mtu asiyeweza kuipata, mnamfungulia mlango mwuza karatasi za uongo, na yule mwenye kusema kweli anabaki nje.

Neno la mwisho

Mtatuuliza yule dada aliishia wapi. Lile jumba la mjini halikumwita tena. Aliandika CV yake upya, bila barua yetu, akaweka daftari la kundi lake la mama wa asubuhi. Shirika moja likamwita hapa hapa kambini, likampa kipindi cha majaribio cha miezi 3, na sasa anaongoza mazoezi ya wasichana mara mbili kwa wiki kwa posho. Si mshahara wa mwalimu wa sekondari, naye hasemi kwamba ni mshahara huo. Yule kijana naye yupo. Alikwenda kwa dada huyo mwenyewe, akamwomba amfundishe, na kila asubuhi utamwona nyuma ya lile kundi akihesabu. Hajaandika CV nyingine bado. Amesema anangoja daftari lake lijae.

Kila Alhamisi saa nane mchana kamati itakaa na yeyote anayetaka kuandika karatasi yake. Hakuna malipo. Njooni na kalamu, na hati, na daftari kama lipo. Kama halipo, tutaanza nalo.